Siku ya Thelathini na Moja

Hapo zamani, wala si zamani ya mbali, maana wahusika wote bado wanakula na kushiba, palikuwa na chuo cha ustawi wa jamii. Chuo hicho kilifundisha vijana miaka miwili maana ya neno familia. Mwaka wa tatu kikawatoa nje wakaione. Eti mafunzo kwa vitendo.

Watatu walipelekwa mtaa mmoja: Zamda, Nsia na Obadia. Hapo mtaani aliishi Bibi Ng'wasi na wanawe wawili, Luhende na Maduhu, ambao nyumba zao zinatazamana. Wanaume hao, na ndevu zao, waligawana mama: mwezi huu huku, mwezi ujao kule, siku thelathini kila mmoja. Ikifika siku ya thelathini na moja, huyu anasema zamu yangu imekwisha, yule anasema yangu haijaanza. Bibi anakunja godoro lake, analikalia barabarani katikati ya nyumba mbili hadi kesho yake.

Zamda ndiye aliyegundua. Alikuja na fomu ya kurasa kumi na nane, akauliza, akauliza, hadi Bibi akaitaja siku ya thelathini na moja. Majirani walimpita miaka yote, hakuna aliyeuliza. Zamda akaandika yote, akamshukuru kwa ushirikiano, akaenda zake. Fomu haikuwa na sehemu ya kusaidia.

Nsia akaisoma ile fomu. Siku hiyo ilipofika tena, akamchukua Bibi na godoro lake hadi chumba alichopanga. Chuo kinakataza hilo. Bibi akaoga, akala, akacheka. Wanawe walipoona hivyo wakagoma kumpokea tena. Kumbe mama ana mtu!

Obadia akawaita wanaume hao, wake zao na mtaa mzima, akaisoma fomu kwa sauti. Chuo kinakataza hilo pia. Luhende na Maduhu wakaona aibu, wakatia saini: zamu zirudi, na siku ya thelathini na moja iwe ya Luhende. Bibi akarudi kwa wanawe. Ana pa kulala, ila humo ndani hasalimiwi na mtu, na haya imemfanya asitoke nje.

Ikatokea nafasi moja ya kazi katika ofisi ya kata. Mkuu wa chuo akawaita watatu hao.

"Bila mimi mngejua nini?" akasema Zamda.

"Nyie mlimwandika na kumsoma," akasema Nsia. "Mimi nilimlaza."

"Na leo yuko kwa mwanawe kwa sababu ya nani?" akasema Obadia.

Mkuu, bingwa wa kukuna kidevu, akaagiza Bibi aletwe atoe ushahidi. Akaletwa kweli. Ilikuwa tarehe thelathini na moja, na Luhende alimleta na godoro lake.

"Leo mnamhitaji nyie," akasema, akalishusha getini, akaondoka.

Ndani wakabishana, kila mmoja akitaja vifungu vya darasani. Saa kumi na moja jioni mlinzi akataka kufunga geti. Wakatoka wote wanne, wakamkuta Bibi amekaa juu ya godoro.

"Wajukuu zangu," akauliza, "leo ni zamu ya nani?"



Haya, nyie mliokaa hapa mkiwacheka: kazi ni moja. Je, nani alistahili? Na ukishamtaja, niambie pia, godoro hilo analibeba nani?