Taulo Ngumu za Wodi ya Wazazi

Leo naomba mnisikilize kwanza. Amina mtanipa mwishoni, kama mtakuwa bado mnayo.

Kulikuwa na dobi mmoja, mama wa makamo, aliyefua nguo za kituo cha afya. Miaka kumi na tisa alifua taulo za wodi ya wazazi kwa sabuni ya mche na maji ya moto, akazianika juani mpaka zikakauka kau. Taulo zake zilikuwa ngumu. Ukijifuta uso, unajua umefutwa.

Basi kampuni moja ya dawa ya kulainisha nguo, tuiite Waridi maana mfano ni wangu, ikaleta zawadi ya madumu ishirini. Ikaahidi kwamba Ijumaa wakubwa wake watakuja kupiga picha. Mganga mfawidhi akafurahi, akamwita dobi.

"Mama, kuanzia leo kila kitu kipite kwenye Waridi. Wageni wakiingia wodini wakute inanukia."

"Mashuka sawa, daktari. Mapazia sawa. Taulo za kupokelea watoto hapana."

"Kwa nini?"

"Nimeijaribu nyumbani. Taulo inanukia, inakuwa laini, lakini maji haiyanywi tena. Mtoto anazaliwa amelowa. Asipokaushwa upesi, baridi inamchukua."

"Unanifundisha kazi?"

"Yako siijui, daktari. Hii ya kufua ndiyo yangu."

Akaambiwa: zitie dawa, au Jumamosi usije. Mnadhani alifanya nini? Mashuka akayatia. Mapazia akayatia. Taulo za watoto akazifua na mche wake kama siku zote. Mkaidi? Ndiyo, mkaidi kweli, na mimi nampenda hivyo hivyo.

Alhamisi jioni daktari akapita, akanusa taulo, akakuta hazina Waridi. Akaagiza zichovywe upya zote. Dobi akakumbatia sita kifuani.

"Hizi hazichovywi. Andika barua yako."

Ijumaa wageni wamejaa wodini, na mama mmoja akashikwa na uchungu. Mtoto akatoka, hakulia. Mkunga akamfuta kwa taulo ya Waridi, maji yakahama tu kutoka mgongoni kwenda tumboni. Akachukua ya pili, mambo yale yale. Midomo ya mtoto ikaanza kubadilika rangi.

"Nipeni zile ngumu," mkunga akasema.

Akaletewa moja ya zile sita za dobi, akamsugua nayo mgongo. Mtoto akakauka, akakasirika, akalia kituo kizima kikasikia. Wageni wakapiga makofi. Picha ikapigwa, na dumu la Waridi likawekwa mbele.

Najua mnangoja nini sasa. Mnangoja niseme daktari alitubu na dobi akapandishwa cheo. Hapana. Jumamosi alipewa barua yake getini. Akaisoma yote, akaikunja, akaenda zake nyumbani. Jirani akamuuliza kama hajutii. Akasema, "Mtoto si alilia?"

Wapendwa, mimi sina ugomvi na Waridi. Hata shati langu hili limepita humo. Ugomvi wangu uko nasi. Kanisa letu linanukia vizuri. Kwaya ina sare mpya, viti vina mito, salamu zetu ni laini mpaka raha. Lakini Jumapili iliyopita mjane alikuja hapa akilia, na aliondoka akilia. Mashemeji zake wanamtoa kwenye nyumba aliyoijenga pamoja na marehemu mumewe, na kesho wanaleta gari la kubebea vitu. Sisi tulimwambia pole. Tulimwambia Mungu yupo. Tukamsindikiza mpaka mlangoni. Nawauliza: nani kati yetu alilowa kwa machozi yale? Nani alirudi nyumbani chakula kikamshinda?

Tumejilainisha mpaka uchungu wa mtu unateleza juu yetu na kwenda zake. Tunaita hiyo amani. Mimi siiiti amani. Mimi naona haya.

Asubuhi hii wazee wa kanisa wameniomba nilegeze maneno kidogo, kwa sababu shemeji mkubwa wa mjane huyo ni mwenzetu, na yuko hapa benchi la mbele. Shikamoo, mzee wangu. Nakuheshimu, ndiyo maana sikusemi nyuma ya mgongo wako. Wazee nao nawaheshimu, na wakitaka kuniandikia barua, kalamu iko ofisini.

Nyumba ya mama yule ni ya tatu kutoka hapa, yenye mlango wa buluu. Baraka ya mwisho leo siitoi madhabahuni. Nakwenda kuitoa pale kibarazani kwake, na kesho nitakaa pale pale gari litakapofika. Anayetaka kubarikiwa ainuke, anifuate.