Jodari Aliyelala

Inasimuliwa kwamba hapo zamani, katika mji wa pwani ambamo mahujaji walikusanyika kungojea merikebu ya kwenda Jeddah, palikuwa na mwanamke mcha Mungu aliyeitwa Bi Zamzam binti Shafi, Allah amrehemu. Yeye na mumewe, Bwana Faki, walikuwa na mgahawa mdogo karibu na forodha. Bwana Faki alikuwa amevunjika nyonga na hakuweza tena kazi za nguvu. Alikaa kwenye mbuzi akikuna nazi, akachagua mchele, na Bi Zamzam akapika. Riziki yao ilitoka katika jiko hilo, hawakuwa na nyingine.

Mgahawa wenyewe ulikuwa wa makuti, wageni wakikaa juu ya mikeka. Sifa yake ilikuwa samaki. Bi Zamzam alikuwa hanunui samaki kwa maneno ya mtu. Alimtazama macho kwanza, kama yamejaa na kung'aa au yameingia ndani. Kisha alifunua mashavu aone matamvua, kama ni mekundu au yamegeuka rangi ya udongo. Mwisho alimbonyeza mgongo kwa kidole gumba. Nyama ya samaki mbichi huinuka mara moja, na nyama ya samaki aliyelala hubaki na shimo.

Watu wa mji ule walisema samaki "amelala" akipitiwa na usiku tangu kuvuliwa. Ikawa desturi kwamba mgeni akifika mlangoni kwa Bi Zamzam huuliza kwanza, "Samaki amelala?" Naye akijibu "Hajalala," mgeni hunawa mikono na hakuna swali la pili.

Samaki aliyemwogopa kuliko wote ni jodari. Jodari akilala katika joto huwasha. Anaweza asitoe harufu yoyote mbaya, lakini mlaji midomo humchoma, uso humgeuka mwekundu, moyo humwenda mbio, na wengine hutapika mpaka wakaishiwa nguvu. Wala moto wa jiko hauondoi ubaya huo.

Basi mwaka mmoja alifika Sheikh Muhiddini, kiongozi wa msafara wa mahujaji kutoka bara. Akamwambia Bi Zamzam, "Kesho adhuhuri nitawaleta watu wangu wote wale kwako, na alasiri tunapanda merikebu. Wakiridhika, inshallah msafara wangu utakula hapa kila mwaka."

Bi Zamzam aliposikia hayo alimshukuru Mola wake. Mwaka ule wageni walikuwa wachache, paa lilivuja, na baadhi ya sufuria zake alikuwa amekwisha kuziuza.

Asubuhi yake alitoka kwenda kununua samaki, akakuta pwani kimya. Mvuvi mmoja alikuwa amefariki alfajiri, na wenzake wote walikuwa mazikoni. Hakuna mtumbwi uliotoka. Alikuwapo mchuuzi mmoja tu, jina lake Hamadi, na mbele yake jodari mkubwa aliyefunikwa gunia bichi.

"Wa lini huyu?" akauliza Bi Zamzam.

"Wa jana asubuhi, dada yangu, sikufichi," akajibu Hamadi. "Namuuza awe chambo cha madema, ile mitego ya samaki."

Bi Zamzam alimbonyeza mgongo. Shimo likabaki. Akabonyeza mahali pengine, kana kwamba samaki yule angeweza kubadili nia, na hapo pia shimo likabaki.

Akamfikiria Sheikh Muhiddini akigeuka na watu wake kwenda kula mgahawa mwingine, leo na miaka yote ijayo. Akamfikiria mumewe na nyonga yake. Kisha akasema, "Nipe."

Hamadi akamtazama. "Bi Zamzam, umeanza kutega madema?"

Bi Zamzam akamhesabia fedha zake.

Nyumbani alimkata vipande yule jodari na kichwa akakitupa haraka, kwa sababu kichwa kina macho. Akatia ukwaju mwingi, pilipili, bizari na kitunguu saumu, akapika mchuzi mzito wa nazi. Bwana Faki alinusa kutoka pale alipokaa.

"Leo ukwaju umezidi, mwenzangu."

"Wasafiri wanapenda ukali," akasema, na alikuwa hajawahi kumwambia mumewe neno kwa kumpa mgongo.

Adhuhuri ilipokwisha kusaliwa, mahujaji wakaja. Walikuwa watu wa furaha, kila mmoja akimtania mwenzake kuhusu bahari. Mcheshi wao mkubwa alikuwa mtu mnene aitwaye Bwana Athmani Kae, ambaye alikuwa ametangulia kabla ya wenzake, akizungukazunguka karibu na jiko. Sheikh Muhiddini alisimama mbele ya pazia lililotenga jiko na wageni, akauliza kama ilivyo desturi.

"Bi Zamzam, samaki amelala?"

Kusema uongo Bi Zamzam hakuwahi, wala hakutaka kuanza siku ile mbele ya watu wanaokwenda nyumba ya Allah. Ndipo likamjia neno ambalo halikuwa uongo.

"Hajalala kwangu, Sheikh."

"Alhamdulillahi. Neno lako linatosha," akasema Sheikh Muhiddini, akawageukia wenzake. "Naweni, jamaa."

Bi Zamzam akabaki na upawa mkononi. Ni kweli jodari yule hakulala kwake, alilala kwa Hamadi chini ya gunia. Alirudia neno lile moyoni akalikuta halina kosa hata herufi. Lakini halikumtuliza. Akamsogelea mumewe akamnong'oneza yote, tangu chambo hadi jibu.

"Ulilosema ni kweli," akasema Bwana Faki.

"Nimesema kweli ili aelewe uongo, bwana wangu."

"Basi unaniuliza nini? Jawabu unalo. Na usinitazame mguu huu. Mguu huu haujakutuma kuwalisha watu chambo."

Nje, sinia za wali na mabakuli ya mchuzi yalikuwa yamekwisha kupokelewa. Zilisikika sauti za bismillahi. Bi Zamzam alikuwa mwanamke mwenye haya nyingi. Inasemekana majirani wa ukuta mmoja waliishi naye miaka bila kumsikia akipaza sauti. Siku ile alijitanda kanga hadi usoni, akafunua pazia, akapiga kelele.

"Msile! Kwa ajili ya Allah, msile samaki!"

Mikono ikasimama hewani. Mzee mmoja ambaye tonge lilikuwa limefika mdomoni akalirudisha taratibu.

"Jodari amelala," akasema Bi Zamzam. "Ni wa jana. Nilijua wakati namnunua."

"Mbona nilikuuliza ukasema hajalala?" akauliza Sheikh Muhiddini.

"Nilisema hajalala kwangu. Alilala kwa mchuuzi."

Sheikh akafikiri. "Mimi nilisikia hajalala."

"Ndivyo nilivyotaka usikie."

Kijana mmoja akasema, "Leo tumepikiwa fumbo," lakini hakuna aliyecheka. Bi Zamzam aliinamisha kichwa akingoja wainuke waende zao. Alijua wakiondoka, mgahawa wake umekwisha, maana habari ingefika mjini kabla ya wao kufika barabarani.

"Kuna aliyekula?" Sheikh akawauliza watu wake.

Kila mmoja akakana. Bwana Athmani Kae naye akatikisa kichwa. "Sikula mimi."

Lakini alikuwa anajikuna shingo. Masikio yake yalikuwa mekundu kama pilipili hoho, na wekundu ule ulikuwa unashuka mashavuni huku wote wakimtazama.

"Athmani," akasema Sheikh, "umekula samaki?"

"Sikula, Sheikh. Nilipita jikoni, bibi yuko kisimani, bwana kainamia nazi zake, nikaonja."

"Uliona tofauti gani kati ya kula na kuonja?"

"Kuonja ni kwa kusimama," akasema Athmani kwa sauti nyonge, kisha akashika mdomo akakimbilia nyuma ya nyumba.

Wenzake wakamfuata. Alitapika, wakamlaza kivulini wakampepea, moyo ukimpiga mpaka kanzu ikitikisika. Sasa hakuna aliyekuwa na mzaha. Waliona kwa macho yao lililokuwa liwapate wote juu ya merikebu, katikati ya maji, hakuna tabibu na hakuna kivuli. Bi Zamzam alikaa upande wa pili wa pazia akimwomba Allah asiichukue roho ile kwa sababu yake. Bwana Faki alijiburura mpaka kwenye shimo la taka akaumwaga mchuzi wote humo na kuufukia kwa mikono yake.

Mola ni Mwenye huruma. Kabla ya adhana ya alasiri wekundu ulianza kupungua usoni kwa Athmani. Akafumbua macho, akaomba maji, akanywa. Kisha akauliza kama kuna kitu kingine cha kula, na hapo watu wote wakasema alhamdulillahi kwa sauti moja, wengine wakicheka huku wanafuta machozi.

Wali ulikuwapo, na Bi Zamzam alikuwa na mbaazi alizozichemsha kwa ajili yake na mumewe. Akaziunga kwa tui lililobaki, akawaandalia. Hazikutosha kushibisha, lakini walikula kwa furaha ya watu waliorudishiwa kitu walichokuwa karibu kukipoteza.

Wakati wa kuondoka Sheikh Muhiddini alirudi kwenye pazia. Bi Zamzam akasema, "Najua hamtakula hapa tena, Sheikh. Mnisamehe tu."

"Tumekusamehe," akasema Sheikh. "Na mwakani tutakula hapa. Waja wengi wanapika vizuri, Bi Zamzam. Aliyejifedhehesha mwenyewe ili tusidhurike ni mmoja ninayemjua. Nikuombee nini Makka?"

Bi Zamzam akafuta machozi kwa ncha ya kanga. Kisha akasema, "Niombee ulimi wangu, usinionyeshe njia ya kupita pembeni ya kweli."

"Na mimi niombewe tumbo," akasema Athmani kutoka barabarani, ambako wenzake wawili walikuwa wamemshika mikono.

Wakaenda wakapanda merikebu wote, hakuna aliyebaki nyuma. Bi Zamzam akasali alasiri, na wasimulizi wanasema sijida yake ilikuwa ndefu sana, hata Bwana Faki akadhani amesinzia.

Ndugu zangu waumini, wengi wetu hatusemi uongo. Tunachagua neno la kweli, tunalikata kichwa chake chenye macho, tunampa mwenzetu kipande. Tukiulizwa tunaapa kwamba hatukudanganya. Lakini kweli hupimwa kwa kile anachoondoka nacho aliyetuuliza. Na pale tulipokwisha kumlisha mtu neno lililolala, tusione haya kupiga kelele kabla hajameza. Allah atujaalie wepesi wa kufunua pazia, na atusitiri sisi na wale wanaokula mikononi mwetu. Amin.