Wageni Ndani ya Mizizi ya Kunde

Paukwa!
Pakawa.
Pakawa nani?
Pakawa Kunde, na jirani yake Mahindi, na wengine wasioonekana kwa jicho.

Hapo kale Kunde aliota katika shamba la Bi Nasanga, lenye udongo uliochoka. Vijidudu wa udongoni wakabisha mizizini: "Mama, tupe sukari, tukupikie hewa." Akawafungulia. Akawajengea vyumba vya mviringo, akawashushia sukari aliyoitengeneza kwa jua. Nao wakaipika hewa ikawa chakula, majani yake yakawa mboga ya kusifiwa.

Siku moja Fuko akapita akifukua, mizizi ikabaki nje. Mahindi akachungulia.

"Shoga, hayo majipu ya miguuni umeyatoa wapi?"

Kunde akaona haya. "Siwajui hao. Wamejileta."

Alisema hivyo nao wako ndani, wanasikia.

Tangu hapo akawanyima sukari. Wakabisha: "Mama, tupe sukari, tukupikie hewa."

"Siwajui. Mmejileta."

Wakabisha tena. "Siwajui. Mmejileta."

Wakabisha mara ya tatu, kwa sauti ndogo. "Siwajui. Mmejileta."

Mara ya nne hawakubisha.

Vyumba vikanywea. Majani yakageuka manjano, ya chini, ya kati, hata ya juu. Bi Nasanga akaja na kikapu, akashika jani, akaliachia. Akamwambia mkwewe kwamba palizi ikifika na kunde ile bado iko vile, aing'oe awape mbuzi.

"Majipu yamepona," alisema Mahindi, "mbona wewe huponi?"

Kunde akajikunyata. Tishio la kung'olewa halikumuuma kama lile neno lake la "Siwajui." Akatoa mizizi michanga, akatoa na harufu ya kuwaita vijidudu.

"Niliwafungulia mwenyewe, nikawakana mbele ya jirani. Waliokuwa ndani wamekufa njaa. Kama ndugu zao wapo, mlango uko wazi."

Akangoja. Mlango ukabishwa.

"Mama, tupe sukari, tukupikie hewa."

Hawakusema jingine. Wangemtukana, angeweza kuinua uso; wema wao ndio uliomwinamisha.

Palizi ilipofika, mkwe alikuta majani mapya ya kijani. Akampita.

"Shoga, majipu yamerudi?" aliuliza Mahindi.

"Hao ni watu wa nyumbani kwangu," Kunde akajibu, akitazama chini.

Ndiyo maana hata leo maganda ya kunde huning'inia yakitazama chini. Nasi tusimkane anayetulisha kwa kuogopa kicheko cha jirani.

Ngano yangu naiweka chini hapa. Aliyesinzia akamwulize Fuko, maana yeye ndiye aliyeanza.