Mbuzi wa Mzee Saning'o na Fisi Mwenye Mkufu

"Mtafute mbuzi kichakani kabla ya tumboni mwa fisi." Mmeisikia methali hii leo, mkacheka, kisha mkaja kuniuliza imetoka wapi. Haya, kaeni niwape chanzo chake.

Katika kijiji kimoja cha wafugaji huko Simanjiro aliishi Nasieku, mtafiti wa wanyamapori. Alikuwa amemvisha fisi jike kola yenye chombo cha kuonyesha kila anakokwenda. Wanawake wa kijiji walisema ile si kola, ni mkufu, na yule fisi mwenyewe wakamwita Bi Arusi. Nasieku alimpenda fisi yule kupita kiasi, wala hakuona haya kusema hivyo.

Asubuhi moja mbuzi wa Mzee Saning'o hakuonekana zizini. Alikuwa kipenzi chake, tena ana mimba. Mzee hakuuliza mara mbili. Morani wakaitwa, mikuki ikanolewa, Bi Arusi akahukumiwa kufa.

Nasieku akaja mbio na simu mkononi. "Baba, tafadhali tazama. Tangu jana jioni Bi Arusi yuko ng'ambo ya korongo. Huku hajakanyaga."

"Fisi hupandwa na wachawi, binti yangu," akajibu mzee. "Mara yuko huku, mara yuko kule. Kidude hicho kitamwonea wapi?"

"Basi twende tumfuate. Ukimkuta na damu ya mbuzi wako mdomoni, sitasema neno."

Wakatoka, Nasieku mbele, ameinua juu antena ya kunasa mawimbi ya kola. Kila alipoielekeza korongoni, chombo alichokishika kililia ti, ti, ti. Hata hawajavuka, kichaka cha kando ya njia kikaitikia: "Mee!"

Mzee akainama, akachungulia. Mbuzi wake alikuwa amejilaza humo, anaramba vitoto viwili ambavyo havijakauka hata manyoya. Morani wakaangua kicheko hadi mikuki ikawaponyoka. Nasieku naye alicheka huku machozi ya furaha yakimtoka.

"Ewe fisi!" mzee akapaza sauti kuelekea ng'ambo. "Niwie radhi, mama!"

Akavifunika vitoto kwa shuka lake, akavibeba mwenyewe hadi nyumbani. Kile cha kike akakiita Bi Arusi.

Tangu hapo, mtu akikosa kisu chake akaanza kumtazama jirani kwa jicho baya, watu humwambia, "Mtafute mbuzi kichakani kabla ya tumboni mwa fisi." Na Mzee Saning'o ndiye aliyekuwa akiisema kwa sauti kubwa kuliko wote.