Nguchiro Aliyecheza Mama Mlezi

Nikisema "Hodi, ngano ipo mlangoni," nyinyi mjibu "Ingia, mkeka upo." Haya. Hodi, ngano ipo mlangoni!

Ingia, mkeka upo.

Mnaitikia kama mmelazimishwa. Tena, kwa nguvu! Hodi, ngano ipo mlangoni!

Ingia, mkeka upo!

Sasa sawa. Hapo zamani za zamani, zamani ile ambayo bibi yake bibi yenu alikuwa hajaota meno, mimi nilikuwepo. Usinikazie macho, dada Somoe. Nilikuwepo, nilikaa mstari wa mbele, na haya ninayowasimulia sikuhadithiwa na mtu. Shule niliiachia darasa la tano, ni kweli, lakini macho sikuyaacha kule.

Basi palikuwa na kijiji cha wanyama kikiitwa Mchakani. Kila mwaka wakishavuna mtama walikuwa na mchezo wa kuigiza, siku tatu mfululizo. Mchezo ulikuwa mmoja, miaka yote uleule: habari za Mama Mlezi. Mama Mlezi ni kuku, analalia mayai. Mvua inakuja, habanduki. Moto unakuja, habanduki. Mwewe anakuja, habanduki. Umekwisha. Ukiusikia hivyo unaona ni kitu kidogo, lakini wanyama walikuwa wakilia mpaka makamasi.

Na aliyekuwa akicheza Mama Mlezi ni nani? Nguchiro.

Ndiyo, Nguchiro huyuhuyu mnayemjua. Anajibandika manyoya ya kuokota, anapanda jukwaani, anakaa kiotani, anaimba:

Njoo mvua, njoo moto,
mimi siachi watoto.

Sauti ile! Sitawadanganya, ilikuwa tamu. Mwenyekiti Kiboko, na ngozi yake yote ile, alikuwa analia kama kafiwa leo asubuhi.

Sasa sikilizeni desturi yao. Kwenye kiota cha jukwaani hawakuweka mawe wala vifuu. Waliweka mayai ya kweli. Mama mwenye mayai yaliyokaribia kuanguliwa aliyapeleka, kwa sababu walisema kifaranga akiusikia wimbo ule akiwa bado ndani, atatoka na moyo mgumu. Na mayai yakishapanda jukwaani hayashuki mpaka mchezo uishe, wala mama mtu haruhusiwi kupanda. Chini ya ngazi alisimama Nyegere. Nyegere hana akili nyingi, ana meno. Ukimpa amri anaishika hivyohivyo ilivyo mpaka umpe nyingine.

Mwaka ule mayai yalikuwa ya Bi Kanga. Mayai kumi na mawili, uzazi wake wa kwanza. Zilikuwa zimebaki siku sita yaanguliwe.

Siku ya kwanza Nguchiro akacheza. Mvua ikaja, moto ukaja, mwewe akaja, wanyama wakalia. Jamvi likateremshwa mbele ya jukwaa kama pazia, wote wakaenda kunywa togwa. Walipolipandisha jamvi, Bi Kanga akahesabu kutoka chini. Mayai tisa.

Akamtazama Nguchiro. Ndevu zake zilikuwa zinanata, za njano.

Bi Kanga akamkimbilia Kiboko. "Mwenyekiti! Mayai yangu yameliwa! Mtazame ndevu!"

Kiboko akafuta machozi ya mchezo, hayakuwa ya Bi Kanga. Akasema, "Mama, unachanganya mambo. Aliyekula, kama amekula, ni Nguchiro. Aliyecheza ni Mama Mlezi. Hao ni wawili. Mambo ya nyuma ya jamvi usiyalete mbele ya jamvi."

"Lakini mayai yangu yako tumboni mwa huyo huyo!"

"Unamwonea wivu," akasema Kima, mpiga ngoma. "Na wewe kaimbe basi tukusikie."

Wanyama wakacheka.

Siku ya pili Nguchiro akacheza. Mvua ikaja, moto ukaja, mwewe akaja, wanyama wakalia. Jamvi likateremshwa, togwa ikanyweka. Jamvi likapandishwa, Bi Kanga akahesabu. Mayai sita.

Safari hii Nguchiro mwenyewe hata hakukana. Alishiba, akajinyoosha pale juu, akasema, "Makelele ya nini? Yai ni jiwe lenye maji. Halina macho, halina mama. Mimi ndivyo ninavyoamini, na sitamficha mtu."

"Mmemsikia?" Bi Kanga akalia. "Mmemsikia kwa masikio yenu?"

"Tumemsikia," akasema Kiboko. "Hizo ni imani zake. Kila mtu ana zake. Sisi imani zake hatuzitaki, tunataka wimbo wake."

"Halafu kipaji kama kile," akasema Kima, "hakipatikani kila mwaka. Mayai utataga mengine, bibie."

Utataga mengine! Mtu mzima anasema hivyo, na mkia wake wote. Nilitaka kumzaba kofi, ila nilikuwa mgeni.

Bi Kanga akaenda zake kichakani akalia. Akalia, akachoka. Alipochoka akafikiri. Aliwaomba huruma mara mbili, wakampa maneno. Basi akasema moyoni: maneno yao hayo hayo nitayachukua.

Siku ya tatu asubuhi, kabla ya ngoma kulia, akasimama mbele ya wote. Kajipangusa, katulia.

"Ndugu zangu, mimi ni mjinga. Naomba mnifundishe vizuri. Nguchiro na Mama Mlezi ni mmoja au ni wawili?"

"Ni wawili!" wakaitikia.

"Aliye juu ya jukwaa ni nani?"

"Mama Mlezi!"

"Ana kosa?"

"Hana!"

"Na aliye chini, yule Nguchiro, akiwa mla mayai afanywe nini?"

Hapo kila mtu akataka kujionyesha mpenda haki, maana haki haikuwa na gharama. "Aumwe na Nyegere!"

"Nyegere, umesikia?"

"Nimesikia," akasema Nyegere. "Wa juu nisimguse. Wa chini nimuume."

"Asanteni. Ombi langu la mwisho. Mchezo huu ni mtamu mno, kwa nini tuukate leo? Mama Mlezi aendelee kulalia mpaka mayai yaanguliwe, na jamvi lisishuke, tusikose hata kidogo. Siku nne tu."

Wanyama wakapiga makofi mpaka vumbi likatimka. "Siku nne! Siku nne!" Mwenyekiti Kiboko akambusu Bi Kanga kichwani, nusura amzamishe ardhini. "Umekua, mama," akamwambia. "Sasa umeelewa sanaa."

Nguchiro akatabasamu kule juu. Sifa zilimlevya. Hakupiga hesabu.

Akacheza siku ya tatu. Mvua, moto, mwewe. Jamvi halikushuka. Akakaa. Wanyama wakabaki wanamtazama usiku na mchana, midomo wazi. Akakaa tena. Tumbo likaanza kunguruma. Yai liko chini ya makalio yake, lenye joto, na macho mia mbili yanamwangalia. Ataanzaje?

Akaamua kushuka. Akaweka mguu chini.

"Wewe ni nani?" akauliza Nyegere.

"Mimi Nguchiro bwana, nakwenda kupumzika."

"Wa chini nimuume," akasema Nyegere, akamuuma.

Nguchiro akapanda mbio, akajitupa kiotani akipiga mayowe. Wanyama wakasimama kumshangilia. "Mnaona anavyoigiza maumivu! Hajawahi kucheza hivi!"

Siku ya nne njaa ikamkaba. Akaomba chakula. Bi Kanga akasema, "Jamani, Mama Mlezi ana njaa. Kuku anakula nini?"

"Mtama!"

Wakamrushia mtama. Nguchiro akautafuna, akautema, akalia kwa sauti. Kima akapiga ngoma kufuatisha kilio. "Kipaji!" akasema. "Hata njaa anaiigiza!"

Siku ya tano Nguchiro akajaribu ujanja. Akashuka ngazi polepole, manyoya yote mwilini, huku anaimba njoo mvua, njoo moto.

"Wewe ni nani?" akauliza Nyegere.

"Mimi Mama Mlezi, mwanangu. Nipishe."

Nyegere akatazama juu, akatazama chini. "Mama Mlezi ni wa juu. Wewe uko chini." Akamuuma.

Siku ya sita, jua limesimama utosini, kiota kikatingishika. Ko, ko, ko. Yai likapasuka. Likapasuka la pili, la tatu, mpaka yote sita. Lile jiwe lenye maji likatoa kichwa. Lilikuwa na macho mawili meusi. Likamtazama Nguchiro usoni.

"Mama?" likasema.

Wanyama wakaangua kilio. Mimi pia nililia, siwafichi. Ila Nguchiro hakulia. Nguchiro alikuwa hajala siku nne. Akafunua mdomo, meno yote nje, akamwinamia kifaranga.

"Mwenyekiti!" Bi Kanga akapiga kelele.

"Tulia, mama," akasema Kiboko, machozi yanamtiririka. "Anaigiza."

Anaigiza! Kichwa cha mtoto kiko mdomoni, mwenyekiti anasema anaigiza!

Bi Kanga hakubishana naye. Alimgeukia mwenye meno. "Nyegere! Mama Mlezi anakula watoto?"

Nyegere akakuna kichwa. "Hali."

"Basi yule anayekula ni nani?"

Nyegere akafikiri kwa mara ya kwanza maishani mwake, na nilimwona jasho likimtoka. "Nguchiro," akasema. "Nguchiro kapanda juu!" Akaruka ngazi vidato vitatu kwa pamoja, akamdaka mkia.

"Niache! Mimi Mama Mlezi!"

"Mama Mlezi hali watoto." Akamuuma.

"Basi mimi Nguchiro!"

"Nguchiro ni wa kuumwa." Akamuuma.

"Basi ni mimi!" Nguchiro akalia, na safari hii hakuna ngoma iliyomfuatisha. "Ni mimi mmoja! Juu ni mimi, chini ni mimi! Mdomo ulioimba ndio uliokula, sina mwingine!"

Nyegere akaduwaa. Kwa mtu mmoja hakuwa amepewa amri. Akamwachia. Nguchiro akaruka chini, akatimua mbio na nusu ya mkia, na manyoya ya kuokota yakabaki yanapeperuka. Ndiyo maana mpaka leo mkimwona anavuka njia, anavuka mbio na wala hatazami nyuma.

Kifaranga alikuwa mzima, mate tu.

Bi Kanga akapanda jukwaani mwenyewe, akawafunika watoto wake sita kwa mbawa. Kisha akawatazama walio chini. "Haya, nifundisheni tena," akasema. "Walikuwa wawili?"

Kima, mkono kwenye ngoma, akauliza kwa sauti ya chini, "Bibie, na wimbo je? Tusiuimbe tena?"

"Wimbo haukula yai langu," akasema Bi Kanga. "Uimbeni mkitaka. Mimi sitauimba, nikiusikia nahesabu watoto. Lakini kiotani hatalala mwimbaji."

Basi mwenyekiti Kiboko akapiga magoti, na Kima akapiga magoti, na wanyama wote mmoja mmoja wakapita mbele ya Bi Kanga wakamwomba radhi, huku wanalia machozi ya kweli.

Ngano hii inatufundisha nini? Inatufundisha kwamba wimbo hauna meno, mwimbaji anayo. Upende wimbo, ukipenda. Lakini usimpe mla mayai kiota akulindie kwa sababu anaimba vizuri habari za mayai. Na mama wa watu akija kwako na hesabu pungufu, mtazame mtuhumiwa ndevu kabla hujamsifu sauti.

Ngano imekaa, ngano imesimama, ngano inaaga. Nyinyi semeni "Nenda, njia unaijua."

Nenda, njia unaijua!

Ngojeni, kaeni kidogo. Dada Somoe ananitazama vibaya, na mimi usingizi hautanijia.

Yote niliyosema niliyaona. Kitu kimoja tu nimekitia mwenyewe, kwa aibu niliyoisikia kwa niaba yao: pale walipopiga magoti na kumwomba Bi Kanga radhi. Hawakupiga. Hakuna aliyemsogelea hata mmoja. Bi Kanga aliondoka peke yake na watoto wake sita nyuma, na mwenyekiti Kiboko akabaki anatazama vumbi la Nguchiro linavyotulia, akashusha pumzi, akasema, "Lakini alikuwa anajua kulia, yule."