Adui wa Kwenye Kadi

Anayewakana watu wake hudhani amejifungulia mlango, kumbe amejitia pingu na ufunguo kamkabidhi mwingine. Ndiyo maana wahenga walinena kwamba mkataa kwao ni mtumwa. Mwandishi mmoja wa michezo ya vita aliisikia methali hiyo tangu utotoni, ikaingia sikio hili na kutokea lile, mpaka yalipomfika shingoni.

Kazini walimwita Mamataifa, kwa kuwa ndiye aliyebuni mataifa ya mchezo wao wa mezani, mchezo wa vita vya miaka mia tatu ijayo. Katika chumba chake, chenye dirisha moja lililotazamana na ukuta, alibandika ramani ya dunia ambayo bahari imekwisha kuimeza pwani yote. Watu wa mabondeni walikuwa wamekimbilia nyanda za juu na mitambo yao, wakajenga mabwawa makubwa, na maji yakafunika makaburi ya wenyeji, Wanamiamba. Hapo ndipo uhasama ulipoanzia.

"Kila upande una kilio chake," aliwaambia wenzake. "Mchezaji akikaa upande wowote aone ana haki, kisha imkere kuona mwenzake naye anayo."

Mkurugenzi aliisoma kazi hiyo huku akipiga miayo.

"Dada, huu ni mchezo au mahakama?" aliuliza. "Watu wanataka adui. Hawa Wanamiamba wafanye wakatili wa kuzaliwa, basi. Tena waongee kama wale watu wa machimboni, wanavyoburuta maneno utadhani wanavuta gunia la mawe."

Akaiiga lafudhi yao. Ofisi nzima ikaangua kicheko, na Mamataifa akacheka kuliko wote. Mama yake mzazi alikuwa mtu wa machimboni, na kwa miaka sita hakuna aliyejua pale. Lafudhi ile aliisugua mpaka ikamtoka ulimini kama kutu.

"Ukinimalizia hili, wewe ndiye mkuu wa waandishi," mkurugenzi akaongeza.

Akaandika. Kwa siku tatu aliyafuta makaburi na mabwawa, na mahali pake akaweka damu mbaya. Alipohitaji ukelele wa vita, alilichota neno moja la lugha ya mama yake, liyoyo, akalitia midomoni mwa wauaji.

Jumamosi mama yake alikuja kumjulia hali, akakuta kadi za majaribio zimetapakaa mezani. Alivaa miwani, akaanza kuzisoma kwa sauti, moja moja. Binti alikuwa jikoni akichemsha chai. Aliposikia sauti imekatika, aliepua sufuria haraka.

"Mwanangu, hapa pameandikwa nini?"

"Ni mchezo tu, mama."

"Sikukuuliza ni nini. Njoo usome."

Alisoma, sauti ikimfifia. "Wanamiamba huzaliwa na kiu ya damu. Wakishambulia hupiga ukelele: liyoyo!"

Mama akavua miwani. "Neno hili nilikubembelezea ulipougua surua. Wiki nzima sikuweka ubavu chini. Leo ndilo la kuchinjia watu?"

"Mama, kule kazini hawajui kwamba..."

"Wewe unajua." Hakupaza sauti. "Huyo bosi wako alikuja kuniibia lugha, au umempelekea mwenyewe?"

Lingekuwa kofi, lingepoa. Swali lile halikupoa Jumapili nzima.

Jumatatu asubuhi wenye maduka walialikwa kuuona mchezo. Mkurugenzi aliwapigia porojo za kila namna, kisha akatangaza, "Sasa mwandishi wetu atawaonyesha Wanamiamba wanavyoongea."

Mamataifa alisimama. Akazivuta kadi karibu yake.

"Wanamiamba wanaongea hivi," alisema, akiyaburuta maneno. Wageni wakaanza kucheka. "Hivi ndivyo anavyoongea mama yangu. Na mimi pia, nikiacha kujifanya."

Kicheko kilikufa ghafla.

"Dada, kaa chini," mkurugenzi alinong'ona.

"Sikai. Mkitaka vita, niliwaandikia vita: watu wanaoona babu zao wamelazwa chini ya maji ya wengine. Watu kama hao watapigana bila kuzaliwa wabaya. Hizi kadi siziwekei jina langu, na neno la mama yangu halitoki chumba hiki likiwa limechafuliwa."

Akachukua kalamu nyekundu. Alilifuta neno lile kwenye kadi zote kumi na mbili, bila haraka, watu wote wakimkodolea macho.

"Ukivuka mlango huo, usirudi!" mkurugenzi alifoka.

"Bosi, mimi hukuwahi kuniajiri," alijibu akibeba mkoba wake. "Uliyemwajiri ni mtu niliyemtunga."

Mchezo ulitoka bila yeye, umeandikwa na mwingine, na Wanamiamba walibaki wakatili. Hilo lilimuuma. Mamataifa alikaa miezi mitatu bila kazi, akaenda kuomba nafasi katika kiwanda cha kuchapa vitabu vya shule. Msimamizi alimsikiliza kidogo, akakunja uso.

"Lafudhi hii... wewe ni mtu wa wapi?"

"Machimboni," alijibu, kabla swali halijafika mwisho, akamtazama usoni mpaka yule msimamizi akainamisha macho kwenye karatasi zake.

Awe na kazi au asiwe nayo, hakuna tena aliyeshika ufunguo wake. Kwani mkataa kwao ni mtumwa.