Gari la Kumrudisha Mama Navoneiwa

Haya, sogeeni, na anayetafuna atafune polepole nisikike. Nina kesi. Nimezunguka nayo tangu wiki iliyopita, imenishinda, na mimi sipendi kushindwa peke yangu.

Walikuwepo watu watatu wa familia moja, kila mmoja na kipaji chake. Wa kwanza ni Kiangi, mtoto mkubwa, mkulima. Huyu anaijua ardhi. Akikanyaga udongo mara moja anakwambia utabeba nini na utaporomoka lini. Wa pili ni Namkunda, dada yake, fundi wa magari huko Moshi. Gari likipita barabarani, yeye akiwa ndani ya nyumba anakunywa chai, anakutajia kinachoumwa. Wa tatu ni Zuberi, mkwe, aliyemwoa binti wa mwisho. Ameendesha malori ya mbao miaka kumi na minne, na miguu yake ina akili. Mnacheka? Subirini niwapandishe mlima kwanza.

Mama yao ni Mama Navoneiwa, mkulima wa tangawizi kijijini Kwembago, kwenye milima ya Upare. Shamba lake limesimama wima. Ukiangusha sufuria jikoni, unakwenda kuiokota kwa jirani wa chini, na unamkuta ameshaiosha. Nyumba iko juu kabisa. Kutoka barabarani hadi mlangoni ni saa nzima kwa miguu, na kila kitu kilipandishwa kichwani: mbegu, saruji, hata kitanda chake cha harusi. Alipanda na kushuka miaka arobaini, kisha goti likakataa.

Watoto wakamshusha kwa machela, wakampangia chumba kando ya barabara. Akakaa miezi saba. Chumba kilikuwa kizuri, kina umeme na maji mlangoni, naye alikichukia kila siku aliyoamka humo. "Hapa nimewekwa tu, sikai," alikuwa akisema. Kule juu kuna kaburi la mumewe na matuta aliyoyachimba kwa mikono yake. Ukoo nao ukakaa ukaamua: msimu wa kupanda tangawizi ukianza na mama hajaweza kurudi, nyumba ifungwe na shamba wapewe wengine walime. Walishanunua hata kufuli.

Mama Navoneiwa aliposikia hayo aliweka kikombe chini.

"Mkiifunga ile nyumba mmenizika kabla sijafa," akasema. "Nitafutieni gari la kunipandisha na kunishusha, machela sitaki tena. Atakayenirudisha kwangu nampa pale tambarare."

Hapo ndipo kila mtu alipokaa sawa. Shamba lote lile lina kipande kimoja tu cha ardhi iliyolala, mbele ya nyumba, kinatosha kujenga nyumba moja. Moja, si mbili. Kwembago mtu akitaka kujenga hukata mlima mwaka mzima kabla ya kuweka tofali la kwanza. Kiangi alikitamani kipande kile tangu utotoni, Namkunda alikitamani, na Zuberi, ambaye bado amepanga chumba na mke na watoto wanne, sina haja ya kuwaeleza.

Basi gari gani? Kijiji kizima kikawa na utaalamu. Huyu anasema pikapu kubwa, yule anasema trekta, mwingine anasema guta la magurudumu matatu, shemeji yake analo. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na leseni.

Kiangi hakubishana na mtu. Alichukua kamba na chupa ya maji iliyojaa nusu, akapanda njia ile kipande kwa kipande, siku tatu. Maji ndani ya chupa yalimwonyesha mwinamo, kamba ikampa upana. Akarudi na majibu. Kwenye kona ya jiwe njia ina upana wa hatua mbili, na jiwe lile lilishawavunjia nyundo babu zake. Pikapu kubwa haipiti. Na kwa kuwa njia imeinama upande wa bonde, guta litapinduka. "Tunataka gari jembamba, fupi kwa kimo," akasema, "na njia ichimbwe sehemu nne." Akapuliza baragumu la msaragambo, ile kazi ya kijiji kizima isiyo na malipo, watu wakatoka na majembe siku sita. Mimi nilikwenda mbili. Mgongo wangu ni shahidi.

Namkunda alikwenda mjini kwa wauzaji. Mmoja akamwonyesha gari refu, jekundu, lenye matairi makubwa na taa nane juu ya paa.

"Hili, dada, linapanda hata ukuta."

Namkunda akalala chini ya lile gari na gauni lake la kanisani, akatoka amejaa vumbi. "Ukuta sina, kaka. Nina mlima wa matope. Gari refu kwenda juu hivi likiinama kidogo linalala moja kwa moja."

Alikagua magari kumi na moja. La kumi na mbili lilikuwa kigari cha shamba kilichochujuka rangi, viti viwili mbele, bodi ndogo nyuma, na chuma cha kulinda watu juu ya vichwa. Lakini tairi zote nne zilivuta. Kilikuwa na gia nzito ya kutambaa, na wakati wa kushuka injini yenyewe ilikizuia bila breki kuungua. Kiangi alipokiona aliuliza kama bado kitakua. Namkunda akampa spana ashike.

Zuberi alikichukua kigari kile wiki mbili. Aliweka mifuko ya mchanga kwenye kiti cha pembeni yake, uzito wa Mama Navoneiwa kamili, kwa sababu Namkunda alisema mbele kusipokuwa na uzito kutanyanyuka. Akapanda na mifuko yake mara kumi na tisa, pakavu na pabichi. Aliteleza mara mbili na hakugusa breki, maana kwenye matope breki ndiyo inayokupeleka bondeni. Akajua kila kona inataka gia gani.

Siku ikafika. Mama Navoneiwa akatoka chumbani amevaa kitenge kipya, goti limefungwa bendeji, uso unang'aa. Akakitazama kigari. Akaona viti viwili, vimekaa bega kwa bega. Akamwona Zuberi kwenye usukani. Akasimama.

Na sisi wote tukasimama. Jamani, watu wazima tumepima mwinamo, tumepima upana, tumepima uzito, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka kwamba yule ni mkwe na yule ni mama mkwe! Kwembago mkwe humwamkia mama mkwe kwa mbali, macho chini. Kukaa naye hivyo, bega likigusa bega kwenye kila shimo, ni jambo la kuitiwa kikao. Mifuko ya mchanga haikuwa na shida hiyo.

"Nitakaa nyuma," akasema mama. Akapandishwa kwenye bodi. Mlima wa kwanza tu, hata na mifuko ya mchanga kwenye kiti chake, mbele kukanyanyuka, usukani ukazunguka na gari halikusikia. Zuberi akalirudisha chini taratibu, akashuka, akasimama kando akiangalia viatu vyake.

"Mama, lazima ukae mbele," akasema Namkunda.

"Basi endesha wewe."

"Mimi natengeneza, mama. Mlima huu namwachia Zuberi. Nikiendesha mimi, tutakuja kuokotwa."

Kiangi yeye hata baiskeli hajui. Alikuwa anaangalia mawingu. "Mvua ikinyesha sana leo, udongo tuliochimba hautabeba kitu mpaka msimu wa mvua upite," akasema. Na msimu wa kupanda ulikuwa mlangoni, mnajua kufuli liko kwa nani. Nilimwangalia yule mama nikaumia. Nyumba yake ilikuwa inaonekana kutoka pale tulipokuwa.

Mama Navoneiwa naye akaitazama. Kisha akavua kanga aliyojitanda mabegani, akampa Namkunda. "Funga hapo kwenye chuma, katikati ya viti. Ishuke mpaka chini." Ikafungwa. Akapanda upande wake, akajiweka sawa.

"Zuberi."

"Naam, mama."

"Leo wewe ni dereva, mimi ni abiria. Mkwe wangu nitasalimiana naye nikifika."

Upande wa pili wa kanga tukasikia Zuberi anacheka. Miaka tisa ya ndoa, hatukuwahi kumsikia akicheka mbele ya mama huyu.

Wakapanda. Kwenye kona ya jiwe Kiangi alitembea kinyumenyume mbele yao akipiga kelele, "Bana kulia! Kushoto udongo ni mpya!" Gari likapita, nafasi ya kiganja kimoja huku, kiganja kimoja kule. Kwenye mwinuko mkali kigari kikashika gia yake ya kutambaa, kikakwea bila haraka, tairi zote nne zikitafuna udongo. Karibu na juu mvua ikaanza. Matope yakalainika, tairi zikazunguka bure, gari likaanza kurudi.

"Zuberi, tunarudi?" akauliza mama nyuma ya kanga.

"Kidogo, mama. Tunatafuta pa kukanyaga."

Akaliacha lirudi hatua tatu, injini imelishika, mpaka tairi zikapata udongo wa zamani. Kisha akapanda tena kwa upande mwingine, na safari hiyo hawakusimama hadi mlangoni.

Zuberi akaligeuza gari pale tambarare, akazima, akashuka, akazungukia nyuma ya nyumba. Akarudi kwa njia ya wageni, mikono imekunjwa, macho chini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkwe wangu. Karibu kwangu."

Alipolitamka hilo neno, kwangu, akalia. Namkunda akalia, Kiangi akajifanya anafuta mvua usoni, na mimi siwaambii nilifanya nini. Tulikuwa tumebeba hofu miezi saba, tukaitua pale. Madirisha yakafunguliwa, chai ikawekwa jikoni. Lile kufuli la ukoo sasa linafunga banda la kuku.

Siku ya tatu, mbegu zikiwa zimeshafukiwa, likaja la ahadi.

"Bila mimi," akasema Kiangi, "gari lingekwama kwenye jiwe, hata lingekuwa zuri namna gani."

"Bila mimi mngenunua lile jekundu," akasema Namkunda, "na mama angekuwa bondeni na zile taa nane."

Zuberi alinyamaza, kama mkwe anavyotakiwa. Mama akamlazimisha aseme. "Mimi sidai kitu, mama," akajibu. "Ila gari halikujipandisha."

Tukacheka wote. Kisha Zuberi akaongeza jambo moja, na kicheko kikakatika. "Na pale tambarare ndipo gari linapogeuzia. Pakijengwa nyumba, itabidi lishuke kinyumenyume. Hilo siliwezi, na sidhani kama yupo anayeliweza."

Mnaona sasa? Akimpa mmoja, wawili wanaumia, na gari linakosa pa kugeuzia. Asipompa yeyote, amewadanganya watoto waliomtoa kwenye kile chumba. Na wapo waliosema tambarare ibaki yake mwenyewe, kwa sababu bila ile kanga wangekuwa bado wamesimama pale chini na ufundi wao wote. Kiangi akawaambia hao wanyamaze, ahadi ni ahadi.

Mama Navoneiwa aliwasikiliza, akajaza vikombe, akasema wampe muda mpaka tangawizi ichipue. Mimi nimepita juzi, imeshachipua. Amekaa kwenye benchi lake mlangoni, ana raha usoni mwake, na kila mtoto akija, mama anamtazama kama mtu anayedaiwa jibu.

Nimemwahidi nitawauliza. Kiangi aliyeijua njia, Namkunda aliyelijua gari, Zuberi aliyeujua mlima, au yeye mwenyewe aliyefunga kanga? Ungekuwa wewe umekaa pale, umerudi kwako baada ya miezi saba, nao watatu wamesimama mbele yako: pale tambarare ungempa nani?